Nguo hukauka bila kuchemka

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa fizikia: nguo iliyoanikwa ikikauka, maji yake yamefika nyuzi 100? Hucheka, nani asiyejua? Nikiuliza basi yamegeukaje mvuke, darasa hunyamaza.

Wamekariri kwamba maji hugeuka mvuke yakifika nyuzi 100. Si kweli. Hugeuka mvuke kwenye joto lolote. Molekuli zake haziendi kwa mwendo mmoja: zipo za pole, zipo za kasi, na ya kasi iliyo pale juu ya uso wa maji ikiweza kujinasua kwa wenzake, huchomoka ikapotelea hewani. Huo ndio uvukizaji. Zinazobaki ni za pole, kwa hiyo maji hupoa. Ndiyo maana hutetemeka ukitoka kuoga kabla hujajifuta.

Kuchemka kunaanzia ndani. Chukua kiputo cha mvuke kilichozaliwa chini ya sufuria. Kwa nje kinakandamizwa na hewa yote iliyo juu ya maji, ambayo usawa wa bahari ina kanieneo (yaani msukumo wake juu ya kila eneo) ya kilopaskali 101 hivi. Kwa ndani kina mvuke wake tu wa kujitetea, na maji yakiwa nyuzi 25 mvuke huo husukuma kwa kilopaskali 3. Hakiwezi kuishi. Joto likifika nyuzi 100, mvuke nao hufikisha 101, na kiputo kinahimili, kinakua, kinapanda hadi juu na kupasuka. (Vile vidogo vya mwanzo vinavyong'ang'ania kuta za sufuria ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, visikudanganye.)

Ukitega sikio utayasikia mapambano hayo. Maji yanayokaribia kuchemka hupiga kelele kwa sababu viputo vinapanda, vinakutana na maji ya juu ambayo hayajapata moto vya kutosha, vinaporomoka. Yakichemka kikweli, mlio hulainika.

Kwa hiyo nyuzi 100 si amri. Anders Celsius, aliyependekeza kipimo chake mwaka 1742, alijua tayari kwamba kiwango cha kuchemka hufuata kanieneo ya hewa. Kileleni mwa Everest maji huchemka kwenye nyuzi 70 hivi. Ndani ya sufuria ya presha hukaribia 120.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halina moto. Naweka maji kidogo ndani ya chombo cha kioo, nafyonza hewa kwa pampu, na maji ya joto la chumba yanaanza kutokota. Lakini kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke hudai zaidi ya kilojuli 2,000 za nishati, na hapa hakuna jiko la kuzilipa. Maji yanajichukulia joto yenyewe, yanapoa huku yakichemka, na pampu ikiwa nzuri, yaliyobaki huganda barafu.