Grenda si mashine ya polishi: yanayosemwa Tanga kuhusu kung'arisha gari, na ukweli wake

"Polishi inaongeza mng'aro juu ya rangi"

Haiongezi kitu, inapunguza. Juu ya rangi ya gari kuna kliya, yaani tabaka angavu linaloikinga, na michirizi unayoiona juani ni vijifereji ndani ya kliya hiyo. Kompaundi, yaani dawa ya polishi, ina chembe zinazosaga kingo za vijifereji mpaka uso ulingane. Mwanga ukigonga uso uliolingana haurudi umetawanyika, na hapo ndipo tunaposema gari limeng'aa. Kliya ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50, wakati unywele wa mtu ni kama 70. Hiyo ndiyo akiba yote uliyonayo, na kila polishi inaila kidogo. Mkwaruzo unaonasa kucha umeshuka mno: lainisha kingo zake usionekane sana, kisha uache. Wanaong'ang'ana kuumaliza ndio wanaoishia kulipia rangi mpya.

"Grenda ikifungwa sponji inatosha"

Hili ndilo lililoharibu boneti nyingi. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu, ile ya kukatia nondo, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Rotari, yaani mashine ya polishi ambayo sponji yake huzunguka tu bila kuyumba, huanzia kama 600 na kuishia 3,000, na kazi nyingi hufanyika kati ya 1,000 na 1,500. Spidi ikizidi, msuguano hugeuka moto: kliya inalainika, inafanya wingu, na wingu hilo halifutiki. Bampa huungua mapema kuliko mlango, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama bati. Kwenye mikunjo na kona za bodi sponji hulemea sehemu nyembamba, kwa hiyo kliya huisha hapo kwanza.

Anayejifunza asianze hata na rotari. Aanze na mashine ya kuyumba, ambayo sponji yake huzunguka huku ikicheza kwenye duara dogo la milimita 8, 15 au 21. Ukiigandamiza kupita kiasi au ukiiinamisha, sponji huacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka tu. Chora mstari wa wino mzito pembeni ya sahani inayoshika sponji. Mstari ukionekana umesimama wakati mashine inanguruma, punguza mkono au ilaze mashine sawasawa.

Wengine husema mashine hii haiwezi kuharibu gari. Inaweza. Ikae sehemu moja kwenye ukingo, itafika kwenye rangi ya chini kama grenda, ila itachelewa.

"Gari likishaoshwa liko tayari"

Huku pwani kuosha ni mwanzo tu. Chumvi huyeyuka kwa maji, mchanga hauyeyuki, na punje moja ikinaswa kwenye sponji huchora duara juu ya duara. Osha, kausha, halafu vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upapase boneti polepole. Ukisikia vipunje, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi huku uso ukiwa umelowa maji ya sabuni. Udongo ukianguka chini, tupa, hata kama umeununua jana. Maji ya kisima yenye chumvi yasikaukie kwenye bodi, yataacha madoa. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba na ukaushe papo hapo.

Kisha ziba kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi: raba za vioo, plastiki nyeusi, nembo na kingo kali. Kompaundi ikikaukia kwenye plastiki nyeusi huacha weupe, na kuutoa ni kazi nyingine ya siku nzima.

"Dawa nyingi na spidi kubwa ndiyo kazi"

Dawa nyingi hufanya sponji iteleze bila kusaga. Kwa sponji mpya, ipake dawa kidogo uso mzima, kisha weka matone manne au matano ya ukubwa wa mbaazi. Baada ya hapo matone matatu yanatosha. Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40, sambaza dawa kwa spidi ya 1 ndipo upandishe mpaka 4 au 5 kati ya 6. Usiwashe mashine ikiwa hewani, utajirashia dawa mpaka usoni. Songa kama sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia: mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana.

Futa, halafu pangusa kwa alkoholi ya isopropili, sehemu 1 kwa maji sehemu 4. Hatua hii wengi huiruka. Mafuta ya polishi hujaa kwenye michirizi na kuificha, na mteja huiona tena wiki ya pili. Kagua kwa tochi, taa ya tyubu ya gereji huficha mengi. Kama michirizi ipo, badili sponji iwe ngumu zaidi kabla ya kukimbilia kompaundi kali. Sponji isafishwe kwa brashi kila baada ya eneo moja, na gari dogo linahitaji sponji nne au zaidi, maana iliyojaa vumbi la kliya hupasha moto tu.

"Jua husaidia dawa kushika"

Hukausha dawa kabla haijasaga. Fanya kazi saa 12 hadi saa 3 asubuhi au ndani ya banda. Kivuli cha mwembe kina utomvu na ndege wake. Ukiwa karibu na ufukwe, kama Raskazone, tafuta ukuta wa kukinga upepo.

"Rangi inayobambuka itarudi"

Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hufika yakiwa na umri, na jua letu humalizia kliya ya paa na boneti. Uso uliofubaa unarudi. Uliobambuka kwa mapande meupe haurudi, hapo ni kupaka upya. Rangi ya gari ikionekana kwenye sponji, simama: kliya imekwisha, isipokuwa gari lilipakwa rangi isiyo na kliya, kama malori mengi ya zamani, ambayo kuchafua sponji ni kawaida yake.

"Waksi imetoa michirizi"

Imeifunika. Hupakwa mwisho, nyembamba, baada ya kupangusa alkoholi. Na kitambaa kilichofuta rimu kisiguse bodi tena hata kikifuliwa, maana vumbi la breki hung'ang'ania nyuzi.