Kabla ya kumpeleka mtaalamu wa afya kambini: funzo la Goma, 1994

Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia eneo la Goma, mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, choo hakichimbiki wala kaburi, na watu wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotibiwa. Hayo yanaeleza kwa nini watu waliugua. Hayaelezi kwa nini watu wengi walifia hata ndani ya vituo vya tiba, mikononi mwa madaktari na wauguzi waliotoka nchi mbalimbali, ilhali kipindupindu kikitibiwa ipasavyo huua chini ya mgonjwa 1 katika 100.

Wataalamu wa ICDDR,B, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Bangladesh, walifika Goma kusaidia na wakataja sababu bila kumumunya maneno: wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) ilitumika kidogo, baadhi ya dripu hazikuwa za aina inayofaa, na wahudumu hawakuwa na uzoefu wa kutosha wa kipindupindu kikali. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoponywa kwa mashine ya bei kubwa. Ndiyo maana mafunzo ya anayekwenda kuhudumia wakimbizi yanapaswa kuanzia mikononi, si kwenye mihadhara.

Tuanze na dripu. Mgonjwa aliyepungukiwa maji sana ana macho yaliyozama. Ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi zaidi ya sekunde 2. Mapigo ya mkononi ni hafifu au hayapatikani. Amelegea, hawezi kunywa. Huyo anahitaji Ringer Lactate (maji ya dripu yenye madini) ml 100 kwa kila kilo ya uzito. Kuanzia umri wa mwaka 1, ml 30 kwa kilo huingia ndani ya dakika 30, na ml 70 zinazobaki ndani ya saa 2 na nusu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, muda ni saa 1, kisha saa 5. Mtu mzima wa kilo 50 basi anapata lita 1.5 katika nusu saa ya kwanza, na lita 3.5 baadaye.

Sasa piga hesabu. Lita 1.5 kwa dakika 30 ni ml 50 kila dakika. Mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa ml 1 ungepaswa kudondosha matone 1,000 kwa dakika, na hakuna muuguzi awezaye kuyahesabu. Aliyezoea wodi tulivu, ambako kumwaga maji haraka hivyo ni kosa la kuitiwa mkubwa wake, mkono wake hukataa kufungua kibano hadi mwisho. Tena kanula (kijirija cha plastiki kinachobaki ndani ya mshipa) ya bluu, geji 22, ambayo ni nyembamba, hata kwa kipimo cha mtengenezaji hupitisha takriban ml 35 tu kwa dakika. Inatakiwa ya kijani (18) au ya kijivu (16), na ikibidi moja kila mkono. Zoezi lake ni rahisi: tundika mifuko iliyokwisha muda, iache itiririke kwenye ndoo yenye alama za kipimo, badilisha kanula, tazama saa. Ukishaona tofauti kwa macho, huisahau.

Dextrose ya asilimia 5 isitumike yenyewe kwa kazi hii, kwani haina sodiamu, potasiamu wala kitu cha kupunguza asidi, ambavyo ndivyo mgonjwa anavyovipoteza. Ringer ikikosekana, maji ya chumvi ya dripu (normal saline) ni afadhali, na ORS ianze mapema. Kwa kweli ORS ianze mara tu mgonjwa anapoweza kumeza, hata dripu ikiwa bado mkononi. Asiye na hali mbaya sana hupewa ml 75 kwa kilo ndani ya saa 4, kwa mdomo tu. Akitapika, subiri dakika 10, rudia kwa vijiko. Wengi hukata tamaa hapa na kukimbilia sindano, kisha mifuko inawaishia kabla ya jioni.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana njia yake. Mzunguko wa mkono wa juu chini ya mm 115, au uvimbe wa miguu yote miwili, unamaanisha moyo wake hauwezi kubeba maji ya haraka. Dripu ni kwa aliye katika mshtuko tu, tena kwa kumtazama kila mara. ReSoMal, maji ya kunywa ya watoto wenye utapiamlo aliyoyazoea mhudumu wa lishe, haifai kwenye kipindupindu kwa sababu ina sodiamu kidogo, hivyo mtoto huyu apewe ORS ya kawaida.

Klorini nayo hufanyiwa mazoezi. Kwa unga wa HTH (unga wa klorini) wa asilimia 70: gramu 15 katika lita 20 kwa mikono (0.05%), gramu 30 katika lita 10 kwa sakafu na vitanda (0.2%), gramu 300 katika lita 10 kwa kinyesi na matapishi (2%). Ndoo ziwe za plastiki na ziandikwe, maana kosa la kawaida ni mtu kunawa kwa ndoo ya sakafu. Dawa ichanganywe upya kila siku.

Lugha isiachwe hadi siku ya kufika. Goma mjini Kiswahili kinakufikisha mbali, lakini wakimbizi wale walizungumza Kinyarwanda. Mkalimani afundishwe kutafsiri swali lilivyo, na mwanamke apate mkalimani mwanamke anapoulizwa amekojoa lini mara ya mwisho. Kibali cha kufanya kazi na mwongozo wa tiba wa wizara ya nchi mwenyeji ndivyo vinavyotawala. Dawa za kuua vijidudu ulizozoea nyumbani huenda hazifanyi kazi huko. Kule Goma vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara damu vilikuwa sugu kwa dawa kadhaa.

Kituo kikishafunguliwa, kila asubuhi gawanya vifo vya ndani ya kituo kwa wagonjwa waliolazwa. Vikizidi asilimia 1, chukua kadi za waliokufa na uangalie kwanza saa: walifika lini, mfuko wa kwanza ulitundikwa lini, ulikwisha lini, na nani alikuwa zamu usiku.