Mtoto aking'atwa na mbwa, sabuni itangulie bodaboda

Asubuhi dagaa wakishaanikwa kwenye mialo ya Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mbwa hawakai mbali, na watoto pia hawakai mbali. Wengi wa mbwa hao wana wenyewe na wanaitwa kwa majina. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne humsogelea mmoja akiwa anakula, bila wasiwasi wowote. Akiinama, uso wake unakuwa sawa na mdomo wa mbwa. Sisi tunaotibu watoto tunajua mapema jeraha litakuwa wapi: shavuni, mdomoni, kwenye kope, utosini. Mtu mzima hung'atwa zaidi mguu au mkono. Mtoto mdogo huumia kichwani na shingoni kwa sababu ya kimo chake.

Hilo linatutia hofu kwa sababu ya njia wanayopita virusi vya kichaa cha mbwa. Havisambai kwa damu. Huingia kwenye mishipa ya fahamu pale palipong'atwa, kisha hupanda polepole kuelekea ubongo. Mara nyingi dalili huonekana kati ya mwezi 1 na miezi 3, ila kutoka shavuni safari ni fupi kuliko kutoka kisiginoni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akishaanza kukabwa koo kila anapoona maji, hatuna dawa ya kumponya. Inaniuma kuandika hivyo, maana kabla ya siku hiyo kifo hicho kilikuwa kinazuilika, na kazi ya kukizuia huanzia nyumbani.

Virusi hivi vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Sabuni yoyote inafaa, hata kipande cha kufulia. Maji yatiririke juu ya jeraha, si kuloweka mkono kwenye beseni, na ioshwe kila tundu na kila mchubuko kwa dakika 15 za saa. Hapo ndipo wengi hukatisha. Mtoto anapiga kelele, jirani ameshaita bodaboda, mama anaona anampotezea mwanawe muda. Mama, hupotezi muda. Gawaneni kazi: mmoja amshike mtoto, mwingine amwage maji kwa kata, wa tatu atazame saa. Aliye mwaloni na achote maji ya ziwa, asisubiri ya bomba. Damu ikiruka kwa nguvu, hapo tu ndipo utaanza kwa kukandamiza kwa kitambaa safi na kukimbilia hospitali. Baada ya kuosha, paka iodini kama ipo. Mafuta ya taa, pilipili, majivu na jiwe la nyoka visiguse jeraha hilo.

Watoto huficha. Aliyemchokoza mbwa, au aliyepita alikokatazwa, anaogopa fimbo kuliko anavyoogopa jeraha. Tundu moja dogo la jino chini ya nywele halionekani usipolitafuta. Tafadhali, mtoto akisema ameng'atwa, asichapwe, wala wenzake waliomsindikiza wasikaripiwe. Na hata kama amesema baada ya wiki tatu, mlete. Maadamu hana dalili, tunaanza chanjo.

Hospitalini tutaosha tena. Kisha huja swali ambalo karibu kila mzazi huuliza: kwa nini hamumshoni? Kushona jeraha la mbwa mapema kunaweza kufungia vijidudu ndani na kuvisukuma virusi zaidi kwenye nyama. Jeraha la mguu mara nyingi tunaliacha wazi kwa siku chache. Uso uliochanika tunaushikiza kwa nyuzi chache zilizolegea, baada ya kuingiza kwanza sindano ya kingamwili ndani na pembeni mwa jeraha. Kingamwili hiyo ni ya majeraha yaliyotoboa ngozi, hutolewa mara moja, na kazi yake ni kumlinda mtoto wakati mwili wake unajifunza kupigana. Haipatikani kila mahali. Ikikosekana, chanjo isisubiri.

Kwa mtoto mchanga tunapapasa pia fuvu, kwa sababu jino la mbwa linaweza kutoboa mfupa. Akitapika au akilegea baada ya kung'atwa kichwani, asilale nyumbani. Jeraha la mkono, la uso au lenye tundu refu huhitaji dawa ya bakteria, kwa kawaida amoksilini iliyochanganywa na klavulanati. Vile vidonge vya rangi mbili vya dukani havitoshi. Njoo na kadi ya kliniki tuangalie chanjo ya pepopunda.

Mbwa naye asiuawe na kufukiwa haraka. Akiweza kufungwa salama, atazamwe kwa siku 10, na afisa mifugo wa kata aambiwe. Lakini mtoto achanjwe tangu siku ya kwanza, asingojee majibu ya mbwa. Na si kila mbwa mwenye kichaa hukimbizana na watu. Wengine hunyamaza, taya limelegea, udenda unatoka, na watu wenye huruma hutia mkono mdomoni wakidhani amekwamwa na mfupa.

Zile sindano za tumboni wanazozikumbuka wazee ziliachwa zamani. Sasa chanjo hupigwa kwenye ngozi au msuli wa bega, au wa paja kwa mtoto mdogo, wala si kwenye tako. Dozi ya mtoto ni ileile ya mkubwa. Ya ngozi hutolewa siku ya 0, yaani siku ya sindano ya kwanza, kisha ya 3 na ya 7. Ya msuli hufuata siku hizohizo na kuongezwa ya 14. Zahanati nyingi hazihifadhi chanjo hii, hivyo ulizeni kwa simu ni kituo gani kinayo kabla ya kufunga safari.

Siku ya 7 ndiyo inayotupotezea watoto. Jeraha limekauka, mtoto anacheza mpira, na boti ya kutoka Sigunga au Kalya inataka nauli nyingine na siku nzima ya ziwani. Kwa hiyo mzazi anayetoka mbali tunamwuliza mapema kama ana ndugu hapa mjini, Mwanga, Gungu au Ujiji, wa kumpokea yeye na mtoto mpaka sindano ziishe. Kama hana, atuambie siku hiyohiyo ya kwanza, tutafute pamoja kituo cha karibu na kwake kitakachoweza kumalizia dozi zilizobaki, na tuandike tarehe zake kwenye kadi kabla hajapanda boti.