Je, wajua kwa nini jaji wa rufaa hamsikilizi shahidi wako upya?

Chukua mama anayeuza omena soko la Kibuye, Kisumu. Amemkopesha mwenye duka magunia ya shilingi 180,000. Deni halilipwi, kesi inafika Mahakama ya Madai Madogo, na mama anashindwa: daftari lake lina tarehe na kiasi, lakini halina sahihi ya aliyepokea mzigo. Anaapa kwenda Mahakama Kuu, na safari hii atamleta kijana wa mkokoteni aliyeupeleka.

Jaji hatamsikiliza kijana huyo. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, kifungu cha 38, inaruhusu rufaa kwa masuala ya sheria tu. Kama omena ilifika dukani au haikufika ni suala la ukweli, na hilo limeshaamuliwa kule chini. Lakini kama mama alinyimwa nafasi ya kujieleza, au uamuzi ulitolewa bila ushahidi wowote, au dai lilipita shilingi 1,000,000 ambazo ndizo kikomo cha mahakama hiyo, hapo ana hoja ya sheria. Na jaji akishaamua, basi. Hakuna kupanda hadi Mahakama ya Rufaa, hata kama nayo huketi papo hapo Kisumu.

Mlango umebanwa hivyo kwa sababu kesi hizi zinatakiwa kwisha ndani ya siku 60. Naona ni haki kwa mchuuzi ambaye mtaji wake wote umekwama kwa mtu, ila inauma kwa aliyekuja bila shahidi siku ya kwanza.

Kesi iliyoanzia kwa hakimu ni tofauti. Hakimu mkuu husikiliza madai hadi shilingi 20,000,000, na rufaa yake ya kwanza humpa jaji ruhusa ya kupima ushahidi wote upya. Hata hivyo huupima kwenye maandishi. Hakumwona shahidi akibabaika kizimbani, kwa hiyo husita kumpinga hakimu aliyemwona.

Watu huumia zaidi kwenye muda: rufaa ni siku 30 tangu uamuzi. Tena kuikata hakumzuii dalali kuja kubeba mali. Aliyeamriwa kulipa lazima aombe mahakama isimamishe utekelezaji, bila kukawia, aoneshe hasara kubwa itakayompata, na aweke dhamana.