Injini ya brekidauni haichaguliwi kwa rangi

Mwezi uliopita mzee mmoja alifika gereji yangu hapa Tororo gari lake likiwa limefungwa mnyororo nyuma ya trekta. Lilikuwa Fuso Fighter la zamani, brekidauni. Yaani gari la kuvuta wenzake ndilo lililovutwa. Vijana walicheka, mpaka mwenyewe naye akashindwa kujizuia.

"Fundi, injini hii ni mpya," akaniambia.

"Mpya ya wapi, mzee?"

"Imefanyiwa ovahaoli Kampala. Haina hata miezi minne."

Ilikuwa imepulizwa rangi ya fedha kila mahali, hadi kwenye mipira ya rejeta. Mimi nikiona rangi juu ya mpira nakunja uso, kwa sababu aliyefungua injini kweli huwa ametoa mipira yote. Tulipoteremsha sampu, lile beseni la oili chini ya injini, tukakuta chujio la pampu ya oili limezibwa na vipande vya silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia maungio, vyembamba kama minyoo. Aliyeiunga aliimwagia silikoni nyingi, ile iliyobanwa ikaingia ndani, ikakatika, ikavutwa na pampu. Oili ikakosa njia. Beringi za konrodi ya tatu, mkono unaounga pistoni na kranki, zilikuwa zimezunguka na kubaki nyembamba kama kifuniko cha soda.

Wanaonipigia simu kuuliza injini huanza na kilomita. Kwa brekidauni, kilomita ni hadithi. Gari hili hufanya kazi kubwa likiwa limesimama: liko kando ya barabara ya Malaba, winchi inazungushwa na PTO, kifaa cha kuchukua nguvu ya injini kwenye gia boksi, injini inanguruma saa nzima na hakuna upepo wa kupoza rejeta. Likimaliza hapo, linaburuta lori lenye mzigo kwa gia ya pili. Kinachoiua ni joto, na presha ya oili inayoshuka oili ikishapata moto na kuwa nyepesi kama maji.

Kwa hiyo nikienda kununua naenda asubuhi na mapema, bila kupiga simu. Kwanza naweka mkono kwenye bloku. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaiwasha ili nisione inavyosumbua ikiwa baridi, nami nageuka. Ikiwa baridi tunaiwasha, natazama moshi, halafu nakaa nayo nusu saa. Karibu kila injini ina presha nzuri asubuhi. Mimi nataka kuiona geji injini ikiwa ya moto na hakuna aliyekanyaga mafuta. Pale ndipo naomba kifuniko cha oili kifunguliwe: mvuke kidogo si neno, lakini ikipumua kwa nguvu kama treni, ringi hazishiki.

Kama wanasema imejengwa upya, nauliza kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, imesagwa milimita ngapi: 0.25, 0.50 au 0.75? Fundi aliyefanya kazi anajibu kabla hujamaliza swali. Anayesema "iko sawa tu, ssebo" namwomba afungue kepu moja ya beringi, nisome namba iliyopigwa mgongoni. Wengi hukasirika.

Mzee alitaka injini yenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Simlaumu, hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Lakini turbo huongeza joto, na rejeta yake ina viraka vitatu. Gari lake lilitoka kiwandani na injini ya 6D14, ya lita 6.5. Nilimwambia kama lazima aongeze nguvu, atafute 6D16 isiyo na turbo. Urefu wa mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 115, ila silinda imepanuka kutoka 110 hadi 118, na ujazo unafika lita 7.5. Hata hivyo, kabla hujalipa, peleka vipimo vya nyumba ya klachi na gia boksi yako. Nimeona mtu akinunua injini nzuri kabisa, halafu akabaki bila PTO kwa sababu gia boksi iliyokubali kufungwa haikuwa na nafasi yake.

Ukiniuliza mimi, brekidauni lililozeeka lijengewe injini yake lenyewe, mradi bloku haijapasuka. Kila boliti inarudi mahali pake, na namba ya injini inabaki ileile ya kwenye logibuku, kwa hiyo barabarani huna maelezo marefu.

"Ile injini ya kwanza, iliyotoka na gari, uliipeleka wapi?" nikamwuliza mzee.

Kumbe iko nyuma ya nyumba yake, kuku wanatagia pembeni. Tuliileta kwa pikapu. Bloku ni nzima. Silinda hedi niliiwekea rula ya chuma, jani la kupimia la milimita 0.05 likapenya katikati, kwa hiyo imekwenda kunyooshwa. Kranki iko Jinja. Ikisafika kwa kusagwa 0.50 tutaifunga wiki ijayo, ikidai 0.75 bado nitaikubali, ila nimeshamwambia kwamba safari nyingine hapatakuwa na chuma cha kusaga.