Dawa ya ganzi kwa anayemwaga mapema: ni nini, na huipakaje kwa usalama

Krimu na sprei za "kuchelewesha" ni dawa za ganzi, za jamii moja na ile anayotumia daktari wa meno. Haziongezi nguvu za kiume. Ndani mna lidokaini, prilokaini au benzokaini, na kazi yake ni kupunguza hisia kwenye kichwa cha uume ili mwanaume akawie kufika kileleni. Madaktari huita kumwaga mapema tatizo la tangu mwanzo (yaani tangu mara ya kwanza kufanya mapenzi) pale mtu anapomwaga ndani ya dakika 1 hivi karibu kila mara, hawezi kujizuia, na jambo lenyewe linamkosesha raha. Anayefika dakika 5 hana ugonjwa, wenzake wajigambe watakavyo.

Madhara mengi hutokana na muda na kipimo. Krimu hupakwa kidogo tu, dakika 20 hivi kabla. Sprei kwa kawaida huhitaji muda mfupi zaidi, fuata karatasi iliyo ndani ya boksi. Kisha osha kwa maji na sabuni kabla ya kumgusa mwenzako. Hatua hii ndiyo inayorukwa kwa pupa, na anayeumia ni mke: uke unakufa ganzi au unawasha, naye hajui kisa. Mwambie mapema, ni haki yake. Hata ukivaa kondomu, osha kwanza, kwa sababu krimu zenye mafuta hudhoofisha mpira. Ukipaka nyingi, uume wenyewe hufa ganzi na kulegea.

Sisi wa Kisumu, Siaya na Busia tuna la ziada. Katika ukanda huu wa malaria wapo watu waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Prilokaini na benzokaini zinaweza kuifanya damu ishindwe kusafirisha oksijeni, na hatari huwa kubwa zaidi kwao. Midomo au kucha zikigeuka rangi ya kijivu au samawati, masikio yakivuma, kichwa kikizunguka, osha dawa na ukimbie hospitalini. Penye kidonda au mchubuko usipake kabisa.

Kichupa cha kuuziwa steji, kisichoandikwa kilichomo, kiache. Nenda duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, umwite mfamasia pembeni. Na kama ulikuwa sawa kwa miaka kisha hali ikabadilika, muone daktari kwanza: huenda uume hausimami vizuri, au kuna shida ya tezi ya shingoni (thairoidi), na hayo ganzi haiyatibu.