Baculites ni nini?

Baculites ni jenasi ya amonaiti, wanyama wa baharini wa ukoo mmoja na pweza na ngisi, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita. Lamarck aliipa jina hilo mwaka 1799 kutokana na neno la Kilatini baculum, yaani fimbo. Amonaiti wengi gamba lao limejiviringa. La huyu limenyooka. Lakini ukibahatika kupata ncha yake utaona kizingo cha milimita chache: alianza maisha akiwa amejiviringa, kisha akanyooka, na wengine walikaribia urefu wa mita 2.

Gamba limegawanyika vyumba. Mnyama alikaa katika kile cha mwisho, kilicho kipana. Vya nyuma vilikuwa na gesi ya kumsaidia kuelea. Ukingo wa kila ukuta, pale unaposhikana na gamba, umekunjwakunjwa kama jani la giligilani. Mistari hiyo huitwa mishono, na ndiyo alama ya kutegemea kuliko zote katika kumtambua. Matope yalijaa vyumbani yakawa jiwe, gamba likabanduka, mishono ikabaki wazi. Jiwe nalo hukatikia hapohapo, ndiyo maana visukuku vingi vya huko Dakota Kusini na Montana, Marekani, ni vipande vifupi kama pingili za uti wa mgongo, na wengi hudhani ni mifupa ya samaki. Watu wa Blackfoot, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, wanaviita iniskim, mawe ya nyati, kwa jinsi pingili moja inavyofanana na nyati aliyesimama.

Usimchanganye na yule mwingine wa gamba lililonyooka anayeuzwa kwa jina la Orthoceras, yule wa mawe meusi yaliyong'arishwa kutoka Morocco. Yule ni wa kale zaidi kwa mamia ya mamilioni ya miaka, kuta zake ni visahani visivyo na mikunjo, na mrija unaopita vyumbani uko katikati. Wa Baculites uko pembeni kabisa.

Ukisafisha kipande chenye gamba linalometameta, tumia maji na brashi laini. Siki huliyeyusha gamba. Usisugue jiwe kwa msasa ili mishono ionekane vizuri: kadiri unavyoingia ndani ndivyo mikunjo inavyopungua, hadi unabaki na mstari wa mawimbi tu, na spishi haitambuliki tena.